Mvua, Ua na Nyuki Visipokutana: Ushauri kwa Mkulima wa Tanga

Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi hapa Muheza, mazungumzo huanzia kwenye mvua na kuishia kwenye mvua: vuli imechelewa, mvua za masika zimekatika mapema, kiangazi kimekuwa kirefu. Hayo ni kweli, lakini kwa mtu anayelima matunda na mboga nimeona kwamba swali la mvua pekee halitoshi. Mvua ikinyesha na ua likachanua, kisha mdudu wa kulichavusha asiwepo siku hizo, shamba litapendeza kwa macho na kapu litarudi tupu.

Boga hulionyesha jambo hili waziwazi. Maua yake dume na jike hukaa mbalimbali katika mmea mmoja, na jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali zake. Ua hufunguka alfajiri, na ifikapo adhuhuri limekwisha kunyauka wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache ni lazima nyuki atoke kwenye ua dume akiwa amejipaka chavua, yaani ule unga wa ua dume, aingie kwenye ua jike. Asipofika, kiboga hugeuka manjano, hulainika na kudondoka. Kijana mmoja jirani yangu aliwahi kunijia na viboga vya namna hiyo mkononi akauliza, "Shangazi, nipulize dawa gani?" Nilimjibu kwamba dawa haipo, na kwamba huenda dawa aliyokuwa akipuliza asubuhi ndiyo iliyomfikisha hapo.

Hali ya hewa inaingiaje? Mvua kubwa ikinyesha asubuhi kadhaa mfululizo, nyuki hubaki mzingani na maua ya siku hizo hupotea. Jua likizidi, tatizo huja kwa njia nyingine. Nyuki hutunza majana, yaani watoto wao, katika joto la nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi, kwa hiyo nje kunapowaka, wafanyakazi wengi huacha maua na kwenda kuteka maji ya kupoza mzinga. Wakati huohuo mmea wenye kiu hutoa nekta, yaani maji matamu ya ua, kidogo, na chavua ya baadhi ya mazao, nyanya ikiwa mojawapo, hudhoofika kwa joto kali hata kama mdudu amefika.

Maandishi mengi kuhusu suala hili yanazungumzia nchi za baridi, ambako majira ya kuchipua yakiwahi kupata joto, maua huweza kufunguka kabla ya nyuki kuanza kuruka. Kwetu pwani, mimea mingi husubiri maji zaidi ya joto. Mchungwa ni mfano mzuri: hukaushwa na kiangazi, kisha mvua ikishuka hutoa maua baada ya wiki chache. Vuli inapokuja kwa vipande, mvua kidogo leo na jua la wiki tatu kesho, mti huchanua mara mbili au tatu, kila mara maua machache, na mengi hukaukia mtini. Machungwa mengi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo tusimlaumu nyuki kwa kila chungwa lililokosekana. Anayeumia hapo ni nyuki mwenyewe, aliyetegemea msimu mmoja mkubwa wa maua. Nyuki wetu wa Afrika hawavumilii njaa. Chakula kikiisha huhama kundi zima, na matikiti yako yanapochanua baadaye, mzinga uko mtupu.

Sisemi kwamba tutakosa ugali. Mahindi huchavushwa na upepo na muhogo tunaupanda kwa vipande vya shina. Hata hivyo, takriban asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani, na humo zimo korosho, maembe, matango na iliki ya kule Amani.

Ushauri wangu mkubwa, basi, ni kuziba pengo la maua. Kagua shamba lako ujue ni miezi gani hakuna kinachochanua, kisha panda mipakani vitu vya kulijaza: mlonge, ambao huchanua mara nyingi kwa mwaka, mbaazi, na kivumbasi. Kishonanguo kinaudhi kwenye nguo, najua, lakini ukiacha ukanda wake pembeni mwa shamba utaona jinsi wadudu wanavyokishughulikia. Walio karibu na bahari, kuanzia Pangani hadi Mkinga, wasikate mikoko ovyo, kwa maana maua ya mchu, ambao ni aina ya mkoko, ni malisho mazuri ya nyuki. Mizinga iwekwe kivulini, na karibu yake beseni la maji lenye mawe ili nyuki watue bila kuzama.

Viuatilifu, kama huna budi kuvitumia, vipulizwe jioni nyuki wakisharudi, na kamwe visipulizwe kwenye maua yaliyofunguka. Usifikirie nyuki wa asali tu. Mwembe huchavushwa zaidi na nzi, wale wale tunaowafukuza, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao ndiye anayefaa kwa pasheni, kwa hiyo magogo makavu mawili matatu yaachwe yasiishie jikoni.

Mwaka ambao nyuki hawakuonekana, maboga uyachavushe kwa mkono. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo kabla ya saa tatu, ondoa petali zake, kisha upake chavua taratibu kwenye sehemu ya katikati ya ua jike, ukizungushia pande zote, kwa sababu upande uliokosa chavua hudumaa na boga hukua limepinda. Ua dume moja hutosha majike mawili au matatu.