Ndege ya miaka 16, viti vya mwaka huu: mzee apande?

SWALI: Assalaam alaykum, Injinia. Mimi ni mfanyabiashara hapa Arua. Mwanangu aliyeko Uingereza anataka kutulipia mimi na baba yake tiketi za daraja la kwanza, tupitie Ghuba hadi London. Wakala wa tiketi ametuonyesha video ya vyumba vipya vyenye mlango, akatuapia kwamba ndege yenyewe ni mpya, haijamaliza hata mwaka. Mpwa wangu akaitafuta namba ya usajili kwenye simu, akakuta ndege ina miaka 16. Sasa mzee amegoma, anasema hapandi ndege kuukuu iliyopambwa. Je, ni salama? Na kwa nini shirika tajiri litie mapesa kwenye ndege ya zamani badala ya kununua mpya? (Hajati, Arua)

JIBU: Waalaykum salaam, Hajati. Mzee apande. Wakala amewadanganya, au hajui anachouza, na kwa mteja aliyelipa sioni tofauti. Mpwa wako amesema kweli, ila ameishika namba isiyomwambia kitu.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ni jepesi. Ndege mpya nyingi zilizoagizwa hazijafika. Boeing ilizindua 777X, ndege yake kubwa mpya ya masafa marefu, mwaka 2013 na kuahidi kwamba ya kwanza ingekabidhiwa 2020. Sasa inazungumziwa 2027. Mashirika yaliyokuwa yameipangia ndege hiyo vyumba vyao vya kifahari yamebaki yakingoja. A380, ile ndege ya ghorofa mbili ya Airbus, nayo haitengenezwi tena, ya mwisho ilikabidhiwa 2021. Kwa hiyo ukiona chumba kipya ndani ya A380, jua papo hapo kwamba ndege si mpya. British Airways imetangaza kwamba daraja lake jipya la kwanza litaanzia kwenye A380 zake, ambazo zilianza kuingia kazini 2013. Air France ilizindua vyumba vyake vipya mwaka 2025, vinne tu kwa ndege, kila kimoja na madirisha matano, ikavifunga kwenye Boeing 777-300ER, aina ambayo shirika hilo ndilo lililokuwa la kwanza duniani kuirusha, mwaka 2004. Emirates ilianza kukarabati ndege zake Novemba 2022 kwa mpango wa ndege 120, na leo mpango umevuka 200, kazi ikifanyika katika karakana zake Dubai. Hao si watu wanaoficha umri wa ndege zao. Wametangaza wenyewe mbele ya waandishi wa habari.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Tangu nipate leseni ya ufundi wa ndege, swali ninaloulizwa kwenye harusi, msikitini na hata benki ni hilihili, katika sura mbili. Mmoja amepanda ndege yenye kiti kilichochanika na skrini isiyowaka, akashuka Entebbe akimshukuru Mungu kama aliyenusurika. Mwingine amelala kwenye kitanda chenye shuka nyeupe, akaniambia "ile ndege ni safi kabisa, Injinia." Wote wawili wamekagua godoro wakadhani wamekagua ndege. Taksi ya Old Park, Kampala, inaweza kushonewa viti vipya Katwe leo asubuhi, na breki zikabaki zilezile za jana. Kabini, yaani sehemu wanayokaa abiria, ni samani, na umri wa ndege ni tarehe. Kati ya hivyo viwili hakuna kinachokuambia kama ndege ni nzima.

Chuma cha ndege hakichoshwi na kalenda peke yake. Ndege ikipaa, hewa inashindiliwa ndani ili mpumue, bodi inatanuka kidogo, ikitua, inarudi. Kutanuka na kurudi huko ndiko kunakozaa nyufa. Ndege ya masafa marefu inapaa mara mbili tatu kwa siku, basi. Ile inayorukaruka kati ya miji ya karibu inaweza kupaa mara nane au kumi. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa la mbele ikiwa angani, mhudumu mmoja akatupwa nje, na marubani wakafanikiwa kuitua. Ilikuwa na miaka 19, lakini jambo zito ni kwamba ilikuwa imepaa karibu mara 90,000 kati ya visiwa vya Hawaii, kwenye hewa ya chumvi, huku maungio ya bodi yameachia gundi na ukaguzi wa shirika haukuziona nyufa. Kanuni nyingi tunazozifuata leo kwa ndege zenye umri zilitokana na siku ile. Kwa hiyo mpwa wako akitaka kuwa mkaguzi, aulize ndege imepaa mara ngapi na imefanyiwa matengenezo makubwa lini. Simu yake haitamwambia.

Na hapa kuna jambo ambalo wakala wako angelijua angeliuza vizuri zaidi kuliko uongo wake. Mashirika mengi yakibadilisha kabini hupenda kuifanya kazi hiyo wakati wa matengenezo makubwa, maana ndege imeshasimama na imeshavuliwa. Viti vinatoka, mazulia, kuta za plastiki, majiko, vyoo. Kinabaki chuma kilichopakwa rangi ya kijani ya kuzuia kutu, na mafundi wakiwa magotini na tochi. Mimi huwa naanzia chini ya vyoo na majiko, kwa sababu huko ndiko juisi, kahawa na maji ya deki hujipenyeza na kufuata reli za viti. Kutu ya alumini si nyekundu. Ni unga mweupe, na ukiupitishia kidole unakuta reli imevimba na kumenyuka tabaka kwa tabaka. Unaikwangua mpaka ufike kwenye chuma kizima, unapima unene uliobaki, unalinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Ukipungua chini ya kiwango, kipande kinakatwa na kingine kinawekwa, na aliyefanya anatia saini kwa namba ya leseni yake. Chini ya viti vya wenye fedha tunaokota tasbihi, hereni, sarafu za dirham, na mara mojamoja simu iliyopondwa na mota ya kiti. Simu hiyo inanitisha kuliko miaka 16 yote, maana betri iliyopondwa hulipuka moto. Ikidondoka, mzee asikisogeze kiti. Amwite mhudumu.

Ndege ya miaka 16 iliyotoka kwenye kazi kama hiyo imeonwa mpaka mifupa. Ya miaka mitatu bado haijavuliwa.

Je, ukarabati wenyewe hauna hatari? Unayo, tena kubwa, na hapo ndipo ningependa watu waelekeze wasiwasi wao. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair aina ya MD-11, safari namba 111, iliondoka New York kwenda Geneva. Ilikuwa na miaka saba tu, shirika lenye sifa, mafundi wenye sifa. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imefungiwa skrini mpya za burudani kwa abiria wa daraja la kwanza na la biashara. Moto ulianza kwenye nyaya juu ya dari karibu na chumba cha marubani, ukashika blanketi za kuzuia joto, na ndege ikaanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada. Watu wote 229 walikufa. Wachunguzi wa Kanada walikuta alama za cheche kwenye waya wa umeme wa mfumo huo wa burudani, ingawa hawakuweza kuthibitisha kwamba ndio uliotangulia kuwaka. Walikuta pia kosa ambalo fundi yeyote analielewa: mfumo uliunganishwa mahali ambapo rubani akizima umeme wa kabini, wenyewe haukuzimika. Swissair iliuzima katika ndege zake zote mwaka huohuo.

Kwa hiyo tukipokea kabini mpya, sisi hatutazami rangi ya ngozi. Tunatazama waya umepita wapi, umefungwa na nini, unasuguana na nini, na unakatwa na swichi ipi. Chumba cha daraja la kwanza cha leo kina mota za kiti, skrini kubwa, taa, chaji na mlango. Nyaya zake ni nyingi kuliko za safu kadhaa za abiria wa kawaida. Halafu ndege yote inapimwa uzito upya, kwa sababu vyumba hivyo ni vizito na vyote vimekaa mbele.

Kiti chenyewe kinajaribiwa kikiwa na sanamu ya mtu iliyofungwa mkanda, kikarushwa kwa nguvu ya mara 16 ya uzito wake, na reli za sakafu zikiwa zimepindwa kwa makusudi ili kuiga ajali. Kichwa cha sanamu kikigonga ukuta wa chumba kupita kiwango, kiti kimeanguka mtihani. Ndiyo maana mikanda mingine ya viti hivyo ni minene: ndani kuna mfuko wa hewa. Na ule mlango wa kwenye video lazima ubaki wazi ndege inapopaa na kutua, hata mzee akitaka faragha yake. Wasimamizi hawana huruma katika hili. Mwaka 2025 Lufthansa ilipokea Boeing 787 mpya kutoka kiwandani, na viti vingi vya daraja la biashara vikabaki vitupu kwa sababu vyeti vyake havijakamilika. Ndege mpya, viti vipya, na hakuna ruhusa ya kuvikalia.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2010 kampuni ya Koito ya Japani ilikiri kwamba ilikuwa ikighushi majibu ya majaribio ya viti vyake. Viti kama 150,000 vilikuwa vimeshafungwa katika ndege takriban 1,000 za mashirika 32. Abiria aliyekaa juu yake angejuaje? Vilikuwa vizuri tu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nawe usidhani hayo ni ya Japani tu. Mwenye ndege ndogo ya kukodi aliwahi kunijia na sampuli ya ngozi, nzuri kwelikweli, rangi ya kahawia, imeshonwa na fundi hodari wa mjini kwa bei isiyofika robo ya ile ya kiwandani. Alitaka viti vyote vivishwe kabla ya msimu wa watalii, nami nitie saini. Nikamuuliza: sponji hii ikishika moto inajizima baada ya sekunde ngapi? Moshi wake je? Karatasi ya majaribio iko wapi? Akacheka, akaniambia, "Injinia, wazungu watapiga picha, hawatawasha kiberiti." Sikutia saini. Baadaye nikaiona ndege hiyo na viti vya kahawia, na sikuuliza nani aliyetia. Nikaandika taarifa, nikaipeleka panapohusika.

Huyo ndiye ninayemwogopa, Hajati. Ndege ya masafa marefu inayotua London au Dubai inaweza kukaguliwa na wenyeji bila taarifa, na shirika lililofanya mzaha linaweza kupigwa marufuku. Lakini mtu huyohuyo anayegomea ndege kubwa kwa umri wake, wikiendi anakodi ndege ya viti sita pale uwanja mdogo wa Kajjansi kwenda mbuga ya Kidepo kwa sababu rafiki yake amempa namba ya WhatsApp. Hajauliza kampuni ina cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, wala kama cheti hicho bado kina uhai. Anauliza kama kuna maji ya kunywa na picha. Wenzetu wa TikTok ndio wamelizidisha: kijana hajawahi kushika spana, anafungua programu ya kufuatilia ndege, anasoma mwaka wa kutengenezwa, anatabiri vifo. Na upande wa pili wakala anatumia zulia jipya kuthibitisha usalama. Wote wanafundisha watu kutazama mahali pasipo na kitu.

Turudi kwenye fedha ya mwanao, maana hapo ndipo mnaweza kuumia kweli. Shirika linapokarabati ndege mojamoja, baadhi ya ndege zake zina vyumba vipya na nyingine zina vya zamani, na siku ya safari linaweza kubadilisha ndege bila kukuuliza. Video ya wakala si mkataba. Mwambie mwanao aangalie ramani ya viti kwenye tovuti ya shirika lenyewe, kwa kila kipande cha safari, Entebbe hadi Ghuba na Ghuba hadi London, na aulize kwa maandishi wanarudisha nini ndege ikibadilishwa. Mashirika mengi yanayofika Entebbe, kama KLM, Ethiopian, Turkish na Brussels Airlines, hayana daraja la kwanza kabisa. La juu kwao ni la biashara.

Na kama shida ni magoti ya mzee, kumbukeni Uganda Airlines ilianza kwenda London Gatwick moja kwa moja Mei 2025, bila kushuka njiani, kwa A330-800 yenye viti 20 vya daraja la biashara vinavyolala kitanda. Daraja la kwanza humo halipo. Wakala akikuandikia tiketi ya daraja hilo, mwambie akuonyeshe kiti.