Staa wenu akiomba kuondoka, ulizeni mkataba kwanza

Kila dirisha la usajili likifunguliwa lazima kuna timu moja mashabiki wake wanaamka wanakuta staa wao kaposti kwaheri Instagram, na hapo ndo utajua nani mzima nani mgonjwa. Mi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, nimelipitia sakata la Fei Toto mwanzo mwisho nikiwa admin wa grupu la tawi letu huku Temeke, nimesoma matusi ya kila aina na voisi za watu wanalia kabisa, kwaiyo nawaandikia nyie ambao bado hayajawakuta.

Kwa waliosahau, ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2022, ligi iko katikati na sisi ndo tunaongoza, mara Feisal Salum, ndo huyo Fei Toto, kiungo wetu fundi, mtoto wa Zanzibar tuliyemsajili 2018 akitokea JKU, anaaga. Si kwamba kaomba kuuzwa, kaaga. Akaingiza kwenye akaunti ya klabu milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunjia mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu (piga hesabu mwenyewe alikuwa analipwa sh ngapi kwa mwezi, halafu kumbuka alivyokuwa anacheza). Klabu ikagoma, ikasema huyu bado wetu, mkataba unaenda mpaka 2024.

Basi grupuni ndani ya saa moja kila mtu kawa wakili. Huyu anasema kifungu kinamruhusu, yule anasema hakimruhusu, mwingine kaleta skrinshoti haijulikani imetoka wapi, na ukiuliza swali moja dogo tu, jamani nani kauona huo mkataba? Kimya. Hakuna hata mmoja. Hapo ndo nilipoanza kuwaambia watu kitu ambacho nawaambia na nyie: kabla hujamwita mtu msaliti, jiulize mkataba wake umebaki muda gani, kuna kipengele cha kuuvunja au hakuna, na kama kipo kinatumikaje, maana kipengele kuwepo ni jambo moja na kukitumia peke yako bila kukaa na klabu ni jambo lingine kabisa. Kama hayo huyajui basi huna hasira, una stresi tu, kalale. Kesi ilienda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, na Januari 2023 wakasema bado ni mchezaji wa Yanga, na wale waliokuwa wanaapa kwamba ameshaondoka kihalali hatukuwaona tena grupuni kama wiki hivi.

Na hili si la Bongo tu. Messi Agosti 2020, siku chache baada ya Barcelona kupigwa 8-2 na Bayern, alituma barua kwamba anaondoka bure, klabu ikamwambia muda wa kutumia kipengele cha kuondoka bure ulishapita tarehe 10 Juni, ukitaka kutoka aje mtu na euro milioni 700. Akabaki, mwaka uliofuata ndo akaenda PSG. Ila angalia mashabiki wa kule walichofanya, walienda Camp Nou kumpigia kelele rais wa klabu, Bartomeu, aachie ngazi, hawakwenda kwa Messi. Walijiuliza kwanza nani kafikisha mambo hapa. Sisi huku hilo swali huwa hatuliulizi, tunamrukia mchezaji kwa sababu ndo tunayemwona.

Kitu kingine, mchezaji akisema anataka kuondoka mara nyingi hapo ndo mazungumzo yanaanza. Wayne Rooney Oktoba 2010 alitoa taarifa kwamba hana uhakika na malengo ya Manchester United, watu wakachafukwa haswa, siku mbili mbele kasaini mkataba mpya wa miaka mitano. Luis Suárez wa Liverpool naye 2013 alikuwa anataka kwenda Arsenal ambao waliweka lile dau la pauni milioni 40 na pauni moja juu, Liverpool wakakaza, kabaki, msimu uliofuata kafunga magoli 31 ya ligi. Sasa we uliyechoma jezi siku ya kwanza unafanyaje? Unanunua nyingine? Jezi orijino bei unaijua. Kuna mshkaji tawini kwetu alikata jina mgongoni kwa wembe, jezi ikabaki na tundu, na bado alikuwa anaivaa uwanjani kwa sababu hana ingine, na baridi inampiga mgongoni.

Kwenye matusi ndo naomba niseme kwa herufi kubwa ila sitaandika kwa herufi kubwa. Usiguse familia ya mtu. Familia ya Fei ilipolalamika kwamba kijana alikuwa anakula ugali kwa sukari, mji mzima ukacheka, ikawa utani wa vijiweni mpaka leo, sawa, utani wa mpira tumezoea. Lakini kuna vitu viliandikwa kuhusu mzazi wa mtu pale grupuni nilivifuta na walioandika niliwatoa, na mmoja nilikuwa namheshimu sana kwa umri wake. Nilimpigia nikamwambia shikamoo mzee, samahani, nimekutoa, ukitulia utanitafuta. Alinitafuta. Ukiwa admin usiogope hilo, we toa mtu.

Halafu kuna hawa wa chanzo cha ndani. Kipindi kile kila siku Fei kashasaini timu tofauti, asubuhi yuko kwa Makolo, yaani Simba, mchana yuko Azam, usiku yuko Uarabuni. Mtu anayekuletea taarifa huwa ana faida nayo, awe wakala anayepandisha dau au mtu wa mtandaoni anayetafuta views tu, kwaiyo mpaka klabu itoe taarifa, hamna kitu. Na tafadhali usiweke mkeka wa kubeti kwa hasira eti timu itafungwa kwa sababu fulani hayupo. Msimu ule ule bila Fei, kiungo Mudathir akaingia dirisha dogo la usajili, tukabeba ligi, tukabeba Kombe la FA pale Tanga mbele ya Azam hao hao, na tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukaikosa kwa USM Alger ya Algeria kwa goli la ugenini. Kuna watu walikuwa bize kumtukana mtu ambaye hayupo wakati timu yao inaandika historia, mi nawashangaa mpaka kesho.

Mwisho wake mnaujua. Juni 2023 timu ikaalikwa Ikulu, Rais Samia akamwomba rais wa klabu yetu Injinia Hersi hili jambo la kijana liishe, siku chache tu Azam wakamtangaza. Miezi yote ile ya kesi ikamalizwa kwenye chakula cha usiku. Wote tuliokesha tunabishana vifungu hakuna aliyetuuliza.

Ila hapo haujamaliza, kuna siku atarudi na jezi ya wengine, na hiyo siku uiandae mapema. Oktoba 2023 tulikuwa na raha, Aziz Ki wetu kapiga tatu peke yake, tumewafunga Azam 3-2, watu wakasema umeona, si ungebaki. Machi 2024 wakatupiga 2-1 na la pili kaweka Fei mwenyewe. Msimu ule alimaliza na magoli 19, Aziz Ki kamzidi mawili tu, kwaiyo yale maneno ya kwamba akitoka Jangwani, yaani Yanga, amekwisha, nayo yafuteni mapema kwenye simu zenu kabla watani hawajayahifadhi. Lilipoingia lile goli nilifunga grupu, nikaweka admin tu ndo waandike, usiku kucha. Kesho yake asubuhi nikafungua na nikaposti jambo moja, bei za tiketi za mechi na Mamelodi ya Afrika Kusini, maana walikuwa wanakuja uwanja wa Mkapa mwisho wa mwezi, na watu wakaanza kugombania usafiri.