Siasa ya gemu huanzia kwenye mkataba wa kazi

Umeuliza, ndugu, kama mchezaji wa kawaida ana sababu yoyote ya kujishughulisha na migomo, vyama vya wafanyakazi na siasa za watu wanaotengeneza gemu, ilhali yeye amelipa pesa zake na anachotaka ni kupumzika. Waliotangulia kukujibu wamesema gemu ziachwe ziwe gemu. Mimi nimecheza tangu utotoni, na kwa kipindi fulani nilifanya kazi ya kujaribu gemu kwa mkataba wa muda, nikiwa nimeajiriwa na wakala aliyeihudumia studio kubwa. Kwa hiyo najibu kutoka pande zote mbili. Kwa maoni yangu, kabla hatujabishana kuhusu yale yanayosemwa na wahusika wa gemu, tunapaswa kuuliza walioitengeneza waliajiriwaje, walipangiwa saa ngapi, na waliachwaje kazi ilipokwisha, kwa sababu hapo ndipo siasa ya gemu inapoanzia.

Wengi hudhani kujaribu gemu ni kucheza huku unalipwa. Kazi yenyewe ni kupewa sehemu moja ya gemu, pengine chumba kimoja tu, na kuirudia kwa kila njia inayowezekana mpaka iharibike: unasukuma kila ukuta uone kama mhusika atapenya, unahifadhi mchezo katikati ya mazungumzo, unachomoa pedi ya kuchezea wakati ukurasa unapakia, unabadili lugha pambano likiwa limepamba moto. Ukipata hitilafu, unaandika ripoti yenye hatua kamili za kuirudia, maana mwandishi wa programu asipoiona kwenye mashine yake ataifunga ripoti hiyo na kuendelea na nyingine. Ni ujuzi unaohitaji subira na lugha iliyonyooka, na naukumbuka kwa heshima kubwa.

Tarehe ya kutoka kwa gemu ilipokaribia, saa za kazi ziliongezeka, na jinsi zilivyoongezeka ndiyo sehemu ambayo mtu wa nje haielewi kwa urahisi. Hakuna aliyetuandikia kwamba ni lazima tubaki. Tuliambiwa tu kwamba orodha ya watakaoongezewa mkataba ilikuwa bado inaandaliwa, na kila mmoja wetu aliangalia nani ameondoka mapema na nani amebaki. Mtu mwenye mkataba wa miezi michache hahitaji amri. Hofu ya kukosa miezi mingine inatosha. Gemu ilipotoka, mikataba ya wengi wetu ilikoma, na katika orodha ya majina inayopita mwishoni mwa mchezo liliandikwa jina la wakala peke yake. Kwa anayetafuta kazi nyingine hilo si jambo dogo, kwa sababu orodha hiyo ndiyo uthibitisho wa wazi kwamba aliwahi kuifanya kazi anayodai kuifanya.

Suala la majina lina historia ndefu katika tasnia hii. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Atari haikuwa ikiandika majina ya waandishi wa gemu zake. Mmoja wao, Warren Robinett, aliamua kulificha jina lake ndani ya chumba cha siri katika gemu ya Adventure, ambacho mchezaji hukifikia baada ya kuokota nukta ndogo sana isiyoonekana kwa urahisi, na kufikia wakati chumba hicho kilipogunduliwa na wachezaji yeye alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni. Wenzake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walidai kutambuliwa na kupata sehemu ya mapato ya gemu walizoandika. Walikataliwa, wakaondoka, na mwaka 1979 wakashiriki kuanzisha Activision, ambayo ilianza kuwatangaza waandishi wake kwa majina. Anayesema madai ya kazi yameletwa kwenye gemu juzi na wanaharakati azingatie kwamba mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za tasnia hii ilizaliwa kutokana na mgogoro wa kazi.

Saa nazo zina historia yake. Mwaka 2004 mwenzi wa mfanyakazi mmoja wa kampuni ya gemu ya Electronic Arts alichapisha barua ya wazi kuhusu wiki za kazi zisizo na mapumziko, bila malipo ya ziada, na jinsi zilivyokuwa zikimmaliza mtu aliyempenda. Barua hiyo ilisomwa duniani kote. Kampuni hiyo ilikuwa ikikabiliwa na mashtaka ya madai, na ikakubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji wake mwaka 2005, kisha dola milioni 14.9 kwa waandishi wa programu mwaka 2006.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba wanaotengeneza gemu wanaipenda kazi yao, na anayependa hahesabu saa. Naielewa, kwa sababu nami niliipenda, na namheshimu sana mtu anayetengeneza gemu yake mwenyewe usiku kucha kwa hiari yake, akijua kwamba ikifanikiwa mapato ni yake. Hali hiyo haifanani kabisa na ya mfanyakazi wa mkataba anayekesha kwa ajili ya tarehe iliyopangwa na wengine na faida itakayogawiwa wengine. Tena, kukesha huko hakuzai ubora. Nimeona kwa macho yangu ripoti za saa za usiku zikikosa hatua muhimu, na marekebisho ya haraka yakizaa hitilafu mpya mbili mahali pa moja. Studio ya CD Projekt Red iliwataka watu wake wafanye kazi siku sita kwa wiki katika miezi ya mwisho ya Cyberpunk 2077, na gemu hiyo ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni ndani ya siku chache. Kilichoirekebisha baadaye ni muda, kitu kile kile ambacho wafanyakazi walinyimwa tangu mwanzo.

Kuhusu siasa ndani ya hadithi zenyewe nitasema kwa ufupi. Jeshi la Marekani lilitoa gemu yake, America's Army, mwaka 2002, ili kuvutia vijana kujiunga nalo. Mwaka 2019 kampuni ya gemu ya Blizzard ilimfungia mchezaji wa gemu yake ya kadi, Hearthstone, anayejulikana kama Blitzchung kwa sababu alitamka kauli ya kuunga mkono waandamanaji wa Hong Kong katika mahojiano ya moja kwa moja, kisha, baada ya kelele za wachezaji, ikampunguzia adhabu na kumrudishia zawadi yake ya fedha. Serikali na kampuni zenyewe hazijawahi kuziona gemu kama kitu kisicho na siasa. Sioni kwa nini mchezaji peke yake ndiye atakiwe kuziona hivyo.

Linalonisikitisha zaidi siku hizi ni kwamba hata kufanya kazi nzuri hakumlindi mtu. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa takriban dola bilioni 69, na Januari 2024 ikatangaza kupunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Mei mwaka huo huo ilitangaza kuifunga Tango Gameworks, studio ya Japani iliyokuwa imetoa Hi-Fi Rush mwaka 2023, gemu iliyosifiwa na wachambuzi na kupendwa na wachezaji. Studio hiyo iliokolewa baadaye kwa kununuliwa na kampuni nyingine. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa mbali sana na mtu anayeandika programu au anayesukuma kuta, na akiwa peke yake hana njia ya kuujibu.

Ndiyo maana naunga mkono vyama vya wafanyakazi katika tasnia hii, na naviunga mkono nikijua vinadai nini hasa. Katika studio ya Raven, iliyo chini ya Activision, wafanyakazi waligoma Desemba 2021 baada ya baadhi ya wajaribu wenzao kuambiwa mikataba yao inakoma, na Mei 2022 wajaribu wa studio hiyo wakapiga kura ya kuunda chama, 19 wakikubali na 3 wakikataa. Wajaribu wa ZeniMax, kampuni ya gemu inayomilikiwa na Microsoft, walifuata mwanzoni mwa 2023, na mwaka 2025 wakaridhia mkataba wao wa kwanza wa pamoja na Microsoft, wenye nyongeza za mishahara, utaratibu wa kusikiliza malalamiko, na kanuni ya kuwataja wajaribu kwa majina katika gemu walizozifanyia kazi. Niliposoma kipengele hicho cha majina nilifurahi kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuisubiri orodha hiyo ipite mpaka mwisho. Waigizaji wa sauti na miondoko ya wahusika wa gemu nao, chini ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, waligoma kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025, hasa kwa sababu ya akili mnemba: walidai sauti na miili yao isinakiliwe bila ridhaa yao, na ridhaa hiyo imeingia kwenye mkataba mpya.

Wapo wanaohofia kwamba madai haya yatapandisha bei au kuchelewesha gemu. Gemu kuchelewa nalipokea bila manung'uniko, kwa kuwa nimeshaona gharama ya kutochelewa. Kuhusu bei, studio zimekuwa zikipunguza watu katika miaka ile ile ambayo bei imekuwa ikipanda, kwa hiyo sikubali kwamba mshahara wa mjaribu ndio unaoamua unacholipa wewe.

Umeuliza pia, mwishoni mwa swali lako, kama unapaswa kuacha kununua gemu za kampuni zinazotajwa kwa ubaya. Hapo nakushauri usiamue kwa hasira. Mauzo yakishuka, wa kwanza kuondolewa ni wale wale wa mikataba mifupi, na tajiri atasema gemu imekataliwa na soko. Mimi huangalia kwanza wafanyakazi wenyewe wameomba nini kupitia chama chao: wakisema msinunue, sinunui, wakigoma huku wakiomba tu sauti ya wachezaji, naandika kwa jina langu kuwaunga mkono na kuendelea kucheza kazi ya mikono yao.