Zahanati yetu inapitishwa na kata kila mwaka, mbona haimo kwenye bajeti ya halmashauri?

SWALI: Ndugu Afisa Mipango, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 2021 wananchi walichanga, tukafyatua tofali na kunyanyua boma la zahanati mpaka renta. Tangu hapo, kila Januari tunaandika zahanati kuwa kipaumbele namba moja, Kamati ya Maendeleo ya Kata inapitisha na diwani wetu anaupeleka muhtasari halmashauri. Bajeti ikisomwa hatumo. Watu wameanza kusema mimi na diwani tumekula. Naomba unieleweshe mradi wetu unapotelea wapi. Na je, tukiandika barua moja kwa moja TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) tutasaidiwa?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, nzuri, na pole kwa lawama unazobebeshwa. Nimekaa idara ya mipango miaka mingi na swali lako naulizwa karibu kila kata ninayofika. Nitaanza na neno moja ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni Januari.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi, lakini bajeti yake inaanza kupikwa mapema sana. Kijiji kinatakiwa kiwe kimeshaibua miradi yake kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, huu tunaouita O&OD, na mkutano mkuu wa kijiji uwe umeiridhia, kabla ya mwezi wa kumi kwisha. Mwishoni mwa mwaka Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na halmashauri inapewa ukomo, yaani kiasi ambacho hairuhusiwi kukivuka. Hapo wakuu wa idara wanaanza kuingiza shughuli zao kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Timu ya Menejimenti inapitia, inakwenda Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, inapita Kamati ya Ushauri ya Wilaya, na Baraza la Madiwani linaipitisha Januari au Februari. Baada ya hapo inachambuliwa mkoani, kisha sisi na mweka hazina tunafunga mafaili kwenda Dodoma, maana Bunge la bajeti linaanza Aprili.

Sasa pima mwenyewe. Muhtasari wenu wa Januari unafika mezani wakati fedha zimeshagawanywa na kilichobaki ni kusahihisha jumla. Hakuna aliyeukataa, ila umekuta mlango umefungwa. Mwaka unaofuata mnaandika mwingine Januari ileile, nao unakuta hali ileile.

Tarehe ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni namna karatasi yenyewe inavyoandikwa. Mihtasari ya aina hii nimeipokea kwa mamia. Karatasi ya mistari, muhuri wa kijiji pembeni, na chini ya agenda ya vipaumbele yameandikwa maneno saba: zahanati, maji, barabara, umeme, nyumba ya mwalimu, josho, daraja. Basi. Hakuna bei wala hatua ujenzi ulipofikia, na waliochangia hawajatajwa wala kiasi walichotoa. PlanRep haina mahali pa kuandika neno "zahanati" peke yake. Inataka shughuli iwe chini ya lengo na shabaha zilizomo kwenye mpango mkakati wa halmashauri, iwe na gharama iliyochanganuliwa mpaka bati na misumari, iwe na chanzo cha fedha na kasma, yaani namba ya fungu la matumizi. Afisa wa idara ya afya akibaki na siku mbili za kukamilisha mpango wake, na mbele yake ana kijiji kimoja kilicholeta mchanganuo kamili na vingine kumi vilivyoleta neno tu, ataingiza kile chenye mchanganuo. Hajawapendelea, amechukua kinachoingizika.

Tuje kwenye fedha zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wananchi wengi wanapodhani kuna wizi hata pasipokuwa na wizi. Chukua mfano wa halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 3 kwa mwaka kutoka kwenye ushuru wa mazao, leseni, minada na kadhalika. Namba hizi ni za mfano, lakini hesabu ndivyo inavyokwenda. Toa kwanza mapato lindwa, kama yale yanayokusanywa na vituo vya afya, ambayo yanatumika hukohuko yalikotoka. Tuseme milioni 600. Zinabaki bilioni 2.4. Miongozo ya miaka ya karibuni imezitaka halmashauri zenye makusanyo madogo zitenge angalau asilimia 40 ya kilichobaki kwa miradi ya maendeleo, na zenye makusanyo makubwa asilimia 60 au zaidi. Ya kwetu ni ndogo, kwa hiyo tunapata milioni 960. Ndani ya fungu hilo mna mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 10 ya zile bilioni 2.4, nne kwa nne kwa mbili, ambayo ipo kwa mujibu wa sheria na haiguswi: milioni 240. Zinabaki milioni 720 kwa wilaya nzima, shule, zahanati, masoko na ofisi za kata zote humo.

Halmashauri hiyo ina kata 25. Madiwani wakikaa kwenye Baraza, kila mmoja ana wapiga kura wake wanaomsubiri nyumbani, na jambo rahisi kuliko yote ni kugawana sawa. Milioni 720 kwa kata 25 ni milioni 28.8 kwa kila kata. Kiasi ambacho Serikali Kuu imekuwa ikipeleka kumalizia boma moja la zahanati ni milioni 50. Umeona kilichotokea? Kila kata imepata kitu na hakuna kata iliyopata zahanati. Fedha zinaezeka jengo upande mmoja, au zinanunua nondo zinazosubiri kufunikwa. Mwaka unaofuata zinagawanywa tena vilevile, bei ya saruji ikiwa imepanda.

Hili nalisema wazi kwa sababu linaniumiza. Zunguka wilaya yoyote utayaona maboma yenye nondo zimetoka kutu juu ya renta, majani yamefika dirishani na mbuzi wanajikinga mvua ndani. Kila tofali mle lilibebwa kichwani na mtu. Mgawanyo sawa kwa kata unaonekana ni haki, lakini kwa maoni yangu ndio unaoua nguvu za wananchi kuliko kitu kingine chochote ndani ya uwezo wetu. Baraza linaloamua kwamba mwaka huu tunamaliza zahanati sita, mwakani sita nyingine, na orodha ya zamu ikabandikwa ukutani, linawatendea watu haki zaidi. Diwani wako anaweza kulisukuma hilo, na ninyi wenyeviti mnaweza kumpa nguvu ya kulisema.

Mapato ya ndani si chanzo pekee. Ipo ruzuku ya maendeleo kutoka Serikali Kuu, lakini mara nyingi inakuja na masharti yake na wakati mwingine na majina ya vituo tayari. Ipo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa vijiji vinavyoingia kwenye utaratibu wake. Upo Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Fedha zake si nyingi, ila ni nzuri kwa kuziba pengo la bati au milango kwenye boma ambalo nguvu za wananchi zinaonekana. Muulizeni afisa mipango anayeratibu mfuko huo kamati inakaa lini.

Kuna jambo moja ambalo hamjaliuliza. Tuseme boma limemalizika na rangi imepakwa. Nani atatibu? Maji yatatoka wapi? Gari la wagonjwa litapita njia gani masika?

Katika halmashauri moja niliyofanya kazi zamani tulimaliza zahanati nzuri kabisa. Vitanda vilikaa ndani vikiwa bado na nailoni zake, kufuli mlangoni, kwa zaidi ya mwaka. Idara ya afya haikuwa imeomba watumishi wa kituo kile kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zinazoombewa. Muuguzi mmoja alipohamishiwa pale akakuta hakuna nyumba wala maji, akaondoka. Shughuli ya kumalizia jengo lile niliiandika mimi kwenye mfumo, na sikuandika kitu kingine chochote cha kulifanya liwe zahanati. Mama mmoja aliniuliza mbele ya mkutano kama lile jengo ni la Serikali au ni la kwao. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku hiyo, ninaposikia mtu anasema mpango jumuishi, naelewa kitu kimoja: mradi mmoja, idara zote. Na siku hizi kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu si kila kitu kiko kwenye kapu la halmashauri. Barabara za wilaya ziko kwa TARURA tangu 2017. Maji ya vijijini yako kwa RUWASA, iliyotokana na sheria ya 2019. Umeme vijijini ni REA. Kila mmoja ana bajeti yake. Kijiji kikiandika "maji" kwenye muhtasari unaokwenda kwa mkurugenzi tu, ombi hilo linaweza kuishia kwenye faili lisilo na fedha ya maji hata senti moja. Kwa hiyo nakala ya maombi yenu iende pia kwa meneja wa RUWASA na wa TARURA wa wilaya, miezi ileile, ikisema kwamba kisima na kipande cha barabara vinahitajika kwa ajili ya zahanati hii. Na diwani alikumbushie suala hilo taasisi hizo zinapotoa taarifa kwenye Baraza.

Basi, Mwenyekiti, fanyeni hivi mwaka huu. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji mapema, Agosti au Septemba, na msiandike vipaumbele saba. Andikeni kimoja, na vyote vinavyokitegemea viwe chini yake: jengo, nyumba ya mtumishi, maji, choo, kichomea taka. Kabla ya mkutano mtafuteni mhandisi wa halmashauri aje alipime boma, aone kama msingi na kuta vinafaa na kama linalingana na ramani za zahanati zinazokubalika, kisha awape BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama, ya kazi iliyobaki. Nimeona maboma yaliyokwama kwa sababu vyumba vilijengwa vidogo kuliko inavyotakiwa na hakuna mtu wa afya aliyekuwa tayari kuyapokea. Ni afadhali kulijua hilo sasa. Mganga Mkuu wa Wilaya naye ashirikishwe mapema, maana yeye ndiye atakayeiweka zahanati kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ataomba watumishi na kufuatilia usajili. Kituo kisichosajiliwa hakipati mgao wa dawa kutoka MSD, Bohari ya Dawa, wala fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya.

Michango yenu iandikwe kwa fedha. Tofali mlizofyatua, mchanga, mawe, siku za kazi, vyote mtendaji wa kijiji avipigie thamani, muhtasari uoneshe kwamba wananchi wameshaweka kiasi fulani na kinachoombwa ni kiasi fulani. Ambatisha picha za boma, ushahidi kwamba eneo ni mali ya kijiji, na idadi ya watu pamoja na umbali hadi kituo cha karibu. Hayo yote yafike kwa Mtendaji wa Kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata ikae Oktoba, na diwani aondoke na faili, si karatasi moja.

Kuna nafasi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka wa fedha 2025/26 ndio wa mwisho wa Mpango wa Tatu wa Taifa wa Maendeleo wa Miaka Mitano, na Dira 2050 iliyozinduliwa Julai 2025 ndiyo itakayoongoza mipango inayofuata. Halmashauri nyingi zinaandika au kuhuisha mipango mkakati yao kipindi hiki. Shabaha ikiandikwa humo kwamba maboma ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi yatakamilishwa, na lenu likatajwa kwenye orodha, kwa miaka mitano afisa yeyote atakayekaa kwenye kiti changu atakuwa na mahali pa kulishika. Ulizeni mpango mkakati wenu umefikia wapi, na mwombeni diwani asome rasimu kabla ya kuipigia kura.

Kuhusu barua ya TAMISEMI: kuandika ni haki yenu na hakuna wa kuwazuia. Lakini uzoefu wangu ni kwamba barua hiyo huteremshwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akaiteremsha kwa Mkurugenzi, ikaja mezani kwangu na maelekezo ya "toa maelezo". Kama faili lenu lipo, nitajibu kwa ukurasa mmoja kwamba mradi uko kwenye mpango, gharama iliyobaki ni hii, na tunaomba fedha. Kama halipo, nitalazimika kujibu kwamba kijiji hakijawasilisha andiko, na hapo barua yenu itakuwa imewaumiza wenyewe. Kwa hiyo anzeni na faili.

Halafu Machi, bajeti ikishapita Baraza, njoo ofisini wewe na mtendaji wako. Mwombe afisa mipango afungue PlanRep na akuonyeshe mstari wenye jina la zahanati yenu, chanzo cha fedha na kiasi. Hilo ni jambo la dakika tano na hauhitaji ruhusa ya mtu kuliomba. Ukiuona, unukuu na uubandike kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, wananchi wausome wenyewe. Usipouona, muulize papo hapo umekosekana kwa sababu gani na uandike jibu lake, maana mapitio ya nusu mwaka yanakuja Desemba na kuna shughuli ambazo huwa hazitekelezeki, na fedha zake huombewa kuhamishiwa kwingine.