Mstari wa Walawi 19:28 hautaji masikio

Je, Walawi 19:28 inamkataza Mkristo kutoga masikio? Hapana, mstari huo haukatazi. Unakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini, basi. Mstari wa kabla yake, wa 27, unakataza pia kunyoa pembe za ndevu, na sijaona kanisa hapa Moshi linalomtenga mwanaume aliyetoka kinyozi. Ukirudi Mwanzo 24:47, mtumishi wa Ibrahimu anamvika Rebeka pete puani, tena baada ya kuomba Mungu amwongoze. Nimefundisha kipaimara miaka kadhaa na swali hili haliishi, kwa hiyo nawafungulia vijana sura nzima waisome wenyewe.

Tatoo ndiyo yenye mjadala wa kweli. Wanaoikataa huongeza 1 Wakorintho 6:19, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, ingawa pale Paulo anazungumzia zinaa. Upande wa pili, Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na ni Wakristo wa zamani kuliko sisi sote.

Ila angalia utaratibu wa kanisa lako. Wasabato hufundisha waumini wasivae vipuli wala mikufu, hilo liheshimu ukiwa kwao. Lakini tusiwaaibishe watu kwa mstari usiowahusu. Bibi yangu alikuwa na ndewe pana zilizoning'inia karibu na shingo, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele, kitabu cha nyimbo mkononi.