Kiuno sugu, glukosamini, manjano na vidonge "vya mishipa": yaliyonikuta mimi

Mkuu, nimeusoma uzi wako. Unasema kiuno kinakusumbua mwaka wa pili sasa, umeshauriwa uanze glukosamini (kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo), vidonge vya manjano na vile vya vitamini B "vya mishipa", na unauliza kama kuna utafiti wa kuviunga mkono na kama vina madhara. Wachangiaji wengi wamekujibu "ni virutubisho tu, haviwezi kukudhuru". Mimi pia niliambiwa hivyohivyo, nikaamini hadi miguu ilipokufa ganzi. Kaa chini, maelezo ni marefu.

Mimi ni fundi cherehani. Kuinama ndiyo kazi. Kiuno kilinianza taratibu, nikawa nanyanyuka kwenye stuli kwa mafungu: kwanza mikono, halafu makalio, mgongo unafuata ukipenda. Baada ya miezi kadhaa mguu wa kushoto ukaanza kuvuta, kutoka takoni hadi nyuma ya goti. Nikapigwa MRI, picha ya ndani ya mgongo, ripoti ikasema diski mbili, ile mito laini kati ya pingili, zimechakaa na moja imebinuka. Neno hilo "zimechakaa" liliniumiza kuliko kiuno chenyewe. Nikajiona nguo kuukuu inayohitaji kiraka, na virutubisho vikawa ndiyo viraka.

Siku hizo sikujua kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za picha za uti wa mgongo za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu wazima kabisa, hawaumwi, na ripoti zao zingesomeka kama yangu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema karibu asilimia 90 ya maumivu ya kiuno hayana chanzo kimoja unachoweza kukigusa kwa kidole. Sasa mtu akikuuzia kidonge cha "kujenga diski", muulize anajuaje kwamba diski ndiyo inayouma.

Nilianza na glukosamini, miligramu 1,500 kwa siku. Mwezi wa pili nikapata nafuu. Nafuu ya kweli kabisa, sikuwa najidanganya, niliweza kukata kitambaa saa nzima bila kuegemea meza. Nikawa mhubiri wake, nikawashauri watu watatu wainunue.

Baadaye ndipo nikakutana na jaribio la Oslo, Norway, lililochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 250 wenye maumivu sugu ya kiuno na pingili zilizochakaa waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa glukosamini, dozi ileile yangu, nusu wakapewa kidonge tupu kinachofanana nayo, miezi sita. Walipimwa kwa dodoso la maswali 24 kuhusu mambo ya kila siku, kama vile unavaa soksi kwa shida au unajilaza mara kwa mara kwa sababu ya mgongo. Makundi yote mawili yalianza na alama kati ya 9 na 10. Baada ya miezi sita, wa glukosamini walikuwa na alama 5.0. Wa kidonge tupu je? 5.0.

Hapo nilikaa kimya muda mrefu. Maana yake si kwamba watu wale hawakupona. Walipata nafuu, tena kubwa, kama mimi. Ila wangeipata hata kwa kumeza unga mtupu. Kiuno sugu kina mawimbi, kinapanda na kushuka chenyewe, na hakuna anayekwenda kununua dawa siku ambayo wimbi limeshuka. Unanunua likiwa juu kabisa, linashuka kama ambavyo lingeshuka, halafu unamshukuru aliyekuuzia. Ongeza na ile hali ya mwili kuitikia matumaini. Watafiti wa Lisbon, Ureno, walichapisha mwaka 2016 jaribio ambalo wagonjwa wa kiuno waliambiwa wazi kwamba hivi ni vidonge visivyo na dawa, na bado baada ya wiki tatu walipata nafuu kuliko wenzao walioendelea na matibabu yao ya kawaida tu. Nimelisoma mara tatu, bado linanishangaza.

Madhara ya glukosamini kwa watu wengi ni madogo, tumbo kujaa gesi na kadhalika. Lakini kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, glukosamini usiiguse bila daktari kujua, kwa sababu inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Manjano nitayapitia haraka. Hoja ni kwamba kurkumini, kiini chake, hupunguza uvimbe, lakini ushahidi uliopo ni wa magoti zaidi, kwa kiuno sugu ni mwembamba. Tatizo liko kwenye vidonge vyenyewe. Kurkumini haifyonzwi vizuri tumboni, kwa hiyo watengenezaji huongeza piperini inayotoka kwenye pilipili manga ili iingie kwa wingi kwenye damu. Kiasi hicho si cha kiungo cha jikoni tena, na Marekani madaktari wameripoti wagonjwa walioumia ini kwa vidonge hivi, baadhi yao wakilazwa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au macho yakiwa manjano, acha siku hiyohiyo uende ukapimwe.

Kuna mwingine hapo juu ametaja mizizi ya Harpagophytum, ule mmea wa jangwa la Kalahari, na gome la mwerebi (willow kwa Kiingereza). Hivi angalau vilifanyiwa majaribio ya kiuno hasa, na mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliona vinaweza kupunguza maumivu kuliko kidonge tupu, kwa wiki chache. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haukuvipendekeza vyote viwili. Gome la mwerebi lina salisini, ndugu yake aspirini, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo asidanganywe na neno "asili".

Sasa vitamini B. Hapa ndipo mkasa wangu ulipo.

Mguu ulipoendelea kuvuta, muuzaji wa dawa akaniambia ni mishipa ya fahamu, nimeze B1, B6 na B12 kwa pamoja. Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 2009 lilichapishwa jaribio la Brazil lenye wagonjwa 372, ambapo waliopewa diklofenaki (dawa ya maumivu) pamoja na vitamini hizo tatu walipata nafuu mapema kuliko waliopewa diklofenaki peke yake. Lakini wale walikuwa na maumivu ya ghafla, na matibabu hayakuzidi siku saba. Mimi nilimeza miezi 14.

Karibu na mwezi wa kumi nilianza kuhisi vidole vya miguu kama vimevikwa soksi nisizozivaa. Kisha nyayo zikawa zinaungua usiku. Nikajua diski imezidi kukandamiza. Nikafanya nini? Nikaongeza kidonge, kutoka kimoja hadi viwili kwa siku! Cherehani yangu ni ya umeme, pedali unaigusa kwa ncha ya mguu tu. Siku moja ikapiga mshono ikapitiliza hadi kwenye kola, na mimi sijui kama nimekanyaga. Gauni la mteja, siku moja kabla ya sherehe yake.

Daktari wa mishipa ya fahamu niliyefikishwa kwake hakuanza na MRI. Aliuliza, "Ganzi ni mguu mmoja au yote miwili?" Yote miwili, tena sawasawa, na vidole vya mikono vimeanza. Akasema diski inayobana mshipa kwa kawaida hushika upande mmoja na kufuata njia ya mshipa ule. Ganzi inayoanzia ncha za miguu yote kwa pamoja inamfanya atafute sukari, pombe, upungufu wa B12, au kitu unachomeza. Sukari ilikuwa sawa, B12 imejaa tele. Akaniambia nirudi na kila chupa niliyonayo nyumbani.

Tukajumlisha mezani kwake. Kidonge cha mishipa kilikuwa na B6 miligramu 200, mara mbili ni 400. Magnesi niliyomeza kwa ajili ya misuli kukaza ilikuwa imeongezwa B6 miligramu 10, sikuwahi kusoma. Vitamini mchanganyiko, 2 nyingine. Mtu mzima chini ya miaka 50 anahitaji miligramu 1.3 kwa siku. Nilikuwa nameza zaidi ya mara 300, kila siku, nikiita tiba.

B6 ikizidi huharibu mishipa ya hisia, na jambo hili si jipya. Lilielezwa kwenye majarida ya tiba tangu 1983, kwa watu waliokuwa wakimeza gramu mbili hadi sita kwa siku, na baadaye wakaonekana wengine walioathirika kwa dozi ndogo zaidi. Ndiyo maana mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, wakati Marekani bado ni 100. Australia nayo inataka onyo liandikwe kwenye bidhaa yenye zaidi ya miligramu 10. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba upungufu wa B6 nao huleta ganzi. Kwa hiyo wewe unayetumia isoniazidi ya kifua kikuu na ukapewa B6 na daktari, usiache kwa sababu ya uzi huu. Yako ina sababu na ina kipimo.

Niliacha vyote. Wiki tatu za kwanza hali ilizidi kidogo, daktari alikuwa ameshanionya, halafu ikaanza kurudi nyuma polepole sana. Leo ni mwezi wa tisa. Mikono imepona. Nyayo bado zinaungua baadhi ya usiku, na vidole viwili vya mguu wa kulia sina uhakika navyo.

Na kiuno? Kiuno, mkuu, kilitulia kwa kutembea. Nilianza dakika kumi, sasa ni nusu saa siku tano kwa wiki, na nasimama kila nikimaliza mshono mmoja mrefu. Kuna jaribio la Australia la mwaka 2024, watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimewaachia karibuni. Kwa waliofundishwa kutembea kwa mpango, zilipita siku 208 hadi nusu yao kurudiwa na maumivu, kwa wengine siku 112. Najua nimetoka kusema kuhusu mawimbi, kwa hiyo sikuapii kwamba ni kutembea. Ila kutembea hakujaniua mishipa.

Mambo mawili kabla sijarudi kwenye cherehani. Ukipata ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja, mkojo ukigoma kutoka, au miguu ikilegea ghafla, usije kuuliza hapa, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Na kirutubisho kinachoondoa maumivu ndani ya siku mbili kitilie shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) bila kuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ukiitumia muda mrefu haiachwi ghafla, hivyo kama unashuku unameza kitu cha namna hiyo, mwone daktari kabla ya kuitupa chupa.

Hiyo chupa ya vitamini B uliyokwisha kuinunua, igeuze nyuma usome mstari wa B6, wakati mwingine wameandika piridoksini, utuwekee hapa ni miligramu ngapi.