Bati kwenye ukuta wa mbao nyuma ya jiko la kuni

Uliuliza kama bati la kupigilia juu ya ukuta wa mbao nyuma ya jiko la kuni litazuia moto na kukausha unyevu wa mbao. Ukilipigilia moja kwa moja juu ya mbao, moto hutauzuia. Bati hupitisha joto upesi, mbao za nyuma zinaungua polepole bila wewe kuona, na mbao iliyopikwa na joto miezi mingi hushika moto kwa joto dogo zaidi. Kinachokinga hasa ni hewa inayopita nyuma ya bati.

Chukua bati bapa lenye zinki, geji 24 (geji ni kipimo cha unene wa bati). Liache sentimita 2.5 kutoka ukutani: kata vipande vya bomba la chuma, upitishe skrubu ndefu ndani yake. Vipande vya mbao havifai hapa, na skrubu zisikae moja kwa moja nyuma ya jiko lenyewe. Juu na chini pabaki wazi. Kwa viwango vya Marekani, kinga hii hushusha umbali wa jiko na ukuta kutoka sentimita 90 hadi 30.

Kuhusu unyevu, bati halikaushi mbao mbichi. Likigusana nazo, linafungia maji ndani. Subiri zikauke kwanza. Zikiwa zimetiwa dawa yenye shaba (mara nyingi huwa za kijani), zisigusane na bati, zinki italika.